ECG imetoka safi, kwa nini baba apelekwe Dar es Salaam kuchunguzwa mishipa ya moyo?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Wete, Pemba. Ana sukari na anatumia metformini. Sigara ameiacha miaka michache iliyopita. Msimu uliopita wa karafuu, kila akipanda mlima wa shambani na gunia begani, kifua kilikuwa kikimbana, akikaa kidogo kinaachia. Sasa hata akienda msikitini kwa miguu kusali Alasiri husimama njiani. Hospitali amepigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, akaambiwa iko safi, na eksirei ya kifua haina kitu, lakini daktari ameandika rufaa ya Dar es Salaam akapigwe picha ya mishipa ya moyo kwa mrija, na huenda akawekewa stenti, kijibomba cha kuupanua mshipa. Baba hataki. Anasema kipimo kimetoka kizuri, basi waya moyoni wa nini? Pia kamba na pweza humtoa vipele, na amesikia kuwa dawa inayotumika katika picha hiyo haiwafai watu wa namna hiyo. Jirani anamshauri apige chuku, yaani aumikwe kwa chale. Tufanye nini?

Jibu: Wa alaykumu salaam. Nianze na jibu lenyewe ili baba yako asilazimike kulingoja hadi mwisho. Daktari aliyeandika rufaa hiyo amefanya uamuzi sahihi, na kilichomfanya aiandike ni maneno ya baba yako mwenyewe, kwamba kifua humbana anapotembea na huachia anaposimama. Kwa mtu wa miaka 61, mwenye sukari na aliyewahi kuvuta sigara, maelezo hayo yana uzito mkubwa kuliko ECG iliyotoka nzuri. Aende, na asiahirishe.

ECG hunasa umeme unaopita katika moyo kila unapopiga. Mgonjwa hulazwa kitandani, hubandikwa vibandiko kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, na mashine huchora mistari kumi na miwili kwa muda wa sekunde zipatazo kumi tu. Katika sekunde hizo yapo mengi yanayoonekana, kama vile mapigo yasiyo na mpangilio, kovu la shambulio la zamani, msuli wa moyo ulionenepa kwa presha ya muda mrefu, na muhimu kuliko yote, shambulio la moyo linaloendelea wakati huo huo. Kisichoonekana ni mshipa uliopungua upana lakini ambao bado unapitisha damu ya kutosha mwili ukiwa umepumzika. Moyo hulishwa na mishipa miwili, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka pale mshipa mkuu wa mwili unapoanzia, na mafuta yanapojijenga katika kuta za mishipa hiyo, njia ya damu huweza kupungua kwa zaidi ya nusu bila ya mtu aliyelala kuhisi chochote. Upungufu hujidhihirisha pale moyo unapodai damu nyingi zaidi, yaani mtu anapopanda mlima akiwa na mzigo. Kumpima mtu kama huyu akiwa amelala chini ya feni, kisha kusema hana maradhi, ni sawa na kuikagua ngalawa iliyopwelewa mchangani na kusema haivuji. Eksirei ya kifua nayo huonyesha ukubwa wa moyo na hali ya mapafu. Mishipa hiyo haiionyeshi kabisa.

Ndiyo maana daktari wa moyo huanza kwa kusikiliza. Maumivu yanayotokana na mishipa iliyopungua upana yana sifa tatu: ni mbano au uzito ulio katikati ya kifua, ambao huweza kupanda shingoni na tayani au kushuka mkononi, huja kwa kazi, kwa hasira au kwa baridi, na huondoka ndani ya dakika chache mtu akipumzika au akiweka dawa ya nitrogliserini chini ya ulimi. Baba yako anazo zote tatu. Tazama pia namna anavyoeleza kwa mkono. Mgonjwa wa namna hii aghalabu hukunja ngumi akaiweka juu ya mfupa wa kifua, ilhali yule anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, na ambaye maumivu yake huzidi akibonyezwa, mara nyingi shida yake ni ya msuli au ya mbavu. Dalili hiyo ya mkono si hukumu, lakini haina gharama na inasaidia.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi huliharibu bila kukusudia. Mgonjwa akifika kwa daktari husema ana gesi, au kiungulia, kwa kuwa ndivyo alivyokwisha kuambiwa nyumbani, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni humpa dawa ya tumbo. Baba yako aeleze alichokihisi, si jina ambalo watu wamekipa. Mwenye sukari ana tahadhari ya ziada, kwa sababu mishipa yake ya fahamu huweza kufifia na maumivu yakawa madogo au yasiwepo. Badala yake huishiwa pumzi, hutokwa na jasho jingi la ghafla au huchoka kupita kiasi. Andikeni kwenye karatasi alikuwa akisimama wapi msimu wa karafuu na anasimama wapi sasa. Naamini ni mabadiliko hayo hasa, kutoka kwenye mlima na gunia hadi kwenye njia ya tambarare bila mzigo, yaliyomfanya daktari aone kuwa hakuna nafasi ya kusubiri. Kama hali ingekuwa ile ile kwa mwaka mzima, angeweza kuanza na dawa pamoja na kipimo cha kutembea juu ya mashine huku umeme wa moyo ukifuatiliwa. Maumivu yanapokuja kwa kazi ndogo zaidi kila baada ya wiki chache, kumkimbiza mgonjwa juu ya mashine ni kumtafutia hatari.

Kabla ya picha ya mishipa yamkini atafanyiwa eko, yaani ultrasound ya moyo, kama bado hajafanyiwa. Hakina sindano wala maumivu. Mpimaji hupaka mafuta ya baridi kifuani na kupitisha kichwa cha mashine, na moyo huonekana ukipiga kwenye skrini. Hutazamwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni nguvu ya kusukuma damu, ambayo huandikwa kwa asilimia, na kwa kawaida huwa baina ya 55 na 70; mkiona chini ya 40 fahamuni kuwa moyo umedhoofika. La pili ni kama kuna sehemu ya ukuta wa moyo isiyocheza vizuri, kwani hiyo huashiria mshipa gani una tatizo. Eko ndiyo huonyesha valvu, yaani milango ya moyo, pia, na kwa kijana anayeishiwa pumzi hicho ndicho kipimo cha mwanzo kukitaka, kwa sababu valvu zake huenda ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyofuata maradhi ya koo utotoni, na matibabu yake, ikiwa ni pamoja na sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, ni njia nyingine kabisa. Kwa baba yako sioni sababu ya kuifikiria njia hiyo.

Sasa tuje kwenye mrija wenyewe, ambao ndio unaomtisha. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, ina chumba maalumu cha kazi hii, na uchunguzi huu umo katika kazi zake za kawaida. Kabla ya kuingia, damu yake itapimwa, hasa utendaji wa figo, kwa kuwa dawa ya kuonyesha mishipa hutolewa na figo, na figo za mtu mwenye sukari zinahitaji kulindwa. Aseme mapema kuwa anatumia metformini. Figo zikiwa nzima mara nyingi huendelea nayo, na zikiwa dhaifu ataambiwa aiache siku hiyo na kwa saa 48 baadaye mpaka figo zipimwe tena. Asijiamulie mwenyewe. Na kwa kuwa huenda akatakiwa asile kwa saa kadhaa, aulize pia dawa zake nyingine za sukari azitumie vipi asubuhi hiyo, sukari isije ikashuka akiwa na njaa.

Kuhusu kamba na pweza, hofu hiyo ni ya zamani na ilienea hata miongoni mwa wahudumu wa afya. Ilijengwa juu ya dhana kwamba kamba na wenzake wa baharini wana ayodini, na dawa ya picha ina ayodini, basi anayedhuriwa na kimoja atadhuriwa na kingine. Lakini kinachomtoa mtu vipele akila kamba ni protini iliyomo katika nyama yake. Ayodini ndiyo hayo madini joto yanayotiwa katika chumvi, na baba yako amekuwa akila chumvi hiyo bila kudhurika. Mzio wa vyakula vya baharini haumzuii mtu kupigwa picha hii. Aueleze, kama atakavyoeleza pumu au mzio wowote mwingine, lakini swali lenye uzito ni kama aliwahi kuchomwa dawa yenyewe ya picha na ikamdhuru. Akiwa aliwahi, ipo namna ya kumtayarisha kwa dawa kabla ya siku hiyo.

Chumbani hulazwa juu ya meza nyembamba, macho yako wazi na akili iko timamu, kwa sababu hapewi usingizi mzito. Aghalabu hupewa dawa kidogo ya kumtuliza. Huchomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono, mara nyingi wa kulia, pale pale tunapopimia mapigo, au kwenye kinena ikiwa mshipa wa mkono haufai. Hiyo sindano ya ganzi ndiyo maumivu makubwa ya shughuli nzima. Mrija laini wenye unene wa milimita mbili hivi hupitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye mlango wa mishipa ya moyo, na yeye hatausikia ukipita, kwa kuwa mishipa haina hisia hizo kwa ndani. Hauchomi moyo, unasimama mlangoni na kumimina dawa. Dawa inapoingia huenda akahisi joto likimpita mwilini, wengine hudhani wamejikojolea, na linapita baada ya sekunde chache. Mkono wa mashine ya eksirei huzunguka juu yake, daktari humwambia avute pumzi na aizuie, na kwenye skrini mishipa huonekana mieusi kama matawi ya mti. Penye upungufu tawi huonekana limebinywa. Picha peke yake huchukua kama nusu saa. Baada ya hapo mkono hufungwa bendi ya kubana kwa saa kadhaa, na ikiwa ilipita kwenye kinena atalala chali kwa saa nne hadi sita bila kukunja mguu.

Hatari ipo, na si haki kumficha. Matatizo makubwa, kama vile kiharusi, shambulio la moyo au kutokwa na damu nyingi, huwapata chini ya mgonjwa mmoja katika kila 100 wanaopigwa picha hii, na kifo hutokea kwa takriban mmoja katika 1,000 au chini ya hapo. Kinachomngoja mtu ambaye maumivu yake yanazidi kila mwezi na akabaki nyumbani bila uchunguzi ni kibaya zaidi kuliko hicho.

Picha ikishatoka, ndipo uamuzi unapoanza, na ningependa familia iujue mapema kuliko kuupokea koridoni. Mshipa uliopungua chini ya nusu hautiwi kitu. Hutibiwa kwa dawa. Uliopungua kwa asilimia 70 au zaidi huhesabiwa kuwa ndio unaoleta maumivu, na kwa shina la mshipa wa kushoto hata 50 ni nyingi, kwa kuwa shina hilo hulisha sehemu kubwa ya moyo. Penye mshipa mmoja au miwili inayofikika, daktari huweza kupitisha puto dogo kwa njia ile ile, akalipuliza ili kuupanua, kisha akaacha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kilichopakwa dawa ya kuzuia mshipa usizibe tena. Mara nyingi hilo hufanyika hapo hapo bila ya mgonjwa kutoka mezani, na ndiyo maana huombwa aweke saini ya ridhaa kwa yote mawili tangu mwanzo. Msione ajabu.

Je, kila aliyepungua mshipa anahitaji stenti? Hapana, na nasema haya nikijua kuwa wapo watakaonikasirikia. Utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 na uliowahusisha wagonjwa 5,179 ambao hali zao zilikuwa tulivu, haukuonyesha kuwa kuwahi kuwawekea stenti au kuwapasua kuliwapunguzia vifo kuliko kuanza na dawa nzuri peke yake. Nafuu iliyopatikana ilikuwa katika maumivu. Lakini wenye upungufu katika shina la kushoto hawakuingizwa katika utafiti huo, wala wale ambao hali yao haijatulia. Baba yako, kwa maelezo yako, hali yake haijatulia. Kwa hiyo msiuchukue utafiti huo kuwa hoja ya kubaki Wete. Uchukueni kuwa ruhusa ya kumuuliza daktari, baada ya picha, stenti hii ni kwa ajili ya nini.

Lipo pia jibu la tatu, nalo linamhusu mwenye sukari kuliko wengine. Ikionekana kuwa mishipa mingi imeathirika, upasuaji wa kufungua kifua na kupandikiza mishipa mipya, inayochukuliwa kifuani na mguuni ili damu ipite kando ya sehemu iliyoziba, humpa mwenye sukari umri mrefu zaidi kuliko stenti nyingi. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2012 na utafiti uitwao FREEDOM uliofanywa kwa wagonjwa 1,900 wa sukari, ingawa kiharusi kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa. Basi msimwambie kuwa ni safari ya siku mbili ya kuwekwa wavu na kurudi. Mwambieni kuwa anakwenda kuchunguzwa, na kwamba matibabu yatafuata picha itakavyosema.

Akiwekewa stenti, dawa mbili za kuzuia damu isigande zitakuwa ndio uhai wa stenti hiyo: aspirini, ambayo kwa kawaida huwa ya maisha, na klopidogreli au mwenzake, kwa miezi sita kwa hali tulivu na kwa kawaida miezi kumi na miwili kwa hali isiyotulia. Anayeziacha mapema kwa kuwa amepata nafuu, au kwa kuwa dawa imekwisha na boti haijaja, huhatarisha stenti kuziba ghafla, na hapo shambulio huwa kubwa. Asikubali kuziacha hata kwa kung'oa jino mpaka daktari wake wa moyo aulizwe. Kabla hajaondoka Dar es Salaam hakikisheni ana dawa za kutosha mkononi na jina la kila moja limeandikwa kwa namna inayosomeka. Pamoja na hizo atapewa statini ya kushusha kolesteroli, na hiyo pia si ya mwezi mmoja. Ramadhani ikifika, dawa zinazomezwa mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa kwenye futari au daku bila shida. Za sukari ndizo zinazohitaji kupangwa upya na daktari, na ikiwa ni miezi ya mwanzo baada ya shambulio au upasuaji, rukhsa ya kutofunga ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

Chuku naomba isipigwe. Chuku haifiki kwenye mishipa ya moyo, wala haiyeyushi mafuta yaliyojijenga ndani yake, na kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, chale zake huweza kutoka damu kwa muda mrefu. Habasoda na kitunguu thaumu katika chakula havina neno. Vidonge vyake vya dukani vyenye nguvu kubwa amweleze daktari kwanza, hasa vya kitunguu, kwa sababu huongeza kutokwa na damu.

Kwa safari, ulizeni mapema kama ni mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar na nini kinalipiwa, na barua ya rufaa iandikwe dawa anazotumia pamoja na dozi zake. Kama uwezo upo, ndege kutoka Chake Chake humchosha kidogo kuliko boti inayokata mkondo wa Nungwi wakati wa kusi. Mpaka siku hiyo asibebe gunia wala asipande mlima, atumie aspirini kama alivyoandikiwa, na akiwa amepewa nitrogliserini aiweke chini ya ulimi akiwa amekaa, kwani huteremsha presha na aliyesimama huweza kuanguka. Kama anatumia dawa za nguvu za kiume aina ya sildenafili, lazima aseme, hata kama ni kwa siri na daktari peke yake. Zikikutana na nitrogliserini ndani ya saa 24 presha huweza kushuka hadi kumuua.

Maumivu yakimjia akiwa amekaa au amelala, na yakapita dakika kumi, au yakaja na jasho, kutapika au kukosa pumzi, suala la rufaa na tarehe limekwisha. Hapo msimpandishe boti na msingoje asubuhi. Atafune aspirini ya miligramu 300, isipokuwa kama inamdhuru au anatokwa na damu, na apelekwe hospitali iliyo karibu. Akifika, mwombeni mhudumu ampige ECG ndani ya dakika kumi na airudie ikiwa ya kwanza haina kitu, na damu ipimwe troponini, protini ya msuli wa moyo ambayo hupanda baada ya saa kadhaa tangu msuli wa moyo kuanza kufa, na kwa hiyo nayo hurudiwa. ECG ikionyesha mshipa umeziba kabisa, zipo dawa za kuyeyusha donge la damu zinazotolewa kwa dripu au sindano, na penye bahari baina ya mgonjwa na chumba cha mrija ndizo zinazotangulia, kwa sababu mrija hufaa zaidi kuliko dawa pale tu unapoweza kutumika ndani ya dakika 120. Dawa hizo hufanya kazi ndani ya saa kumi na mbili tangu maumivu yaanze, na nafuu yake hupungua kila saa inapopita; kwa hiyo angalieni saa mara tu maumivu yanapoanza, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.